Ratiba ya Mjomba

Mjomba wangu hawezi kufungua chupa ya soda bila kujikata, lakini mtaani kwetu ndiye fundi anayetafutwa kuliko wote. Wa kulaumiwa ni sisi.

Sisi ni kikundi cha wanawake mafundi. Tuko saba, na hukutana kila Jumamosi mchana kwenye karakana ya mwenyekiti wetu, mchomeleaji wa mageti. Yumo fundi umeme, yumo fundi magari, na mimi ni fundi bomba. Tulikianzisha ili tusaidiane kupata kazi, maana mteja akikufungulia mlango hutazama nyuma yako na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Miaka sita nimeulizwa swali hilo huku spana iko mkononi.

Basi tukawaletea fundi mwenyewe. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amestaafu kazi ya maktaba. Ana sharubu nene na sauti nzito, na mkewe alitubembeleza tumtoe nyumbani. Tukamvalisha ovaroli na kofia. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti huku sisi tukifanya kazi. Ratiba yake ilibandikwa ukutani mwa karakana: Jumatatu kwa fundi umeme, Jumanne kwangu, na kuendelea. Chini ya ratiba mwenyekiti aliandika sentensi tatu alizoruhusiwa kusema: "Tutaona," "Hiyo kazi ya kawaida," na "Endelea hapo." Kugusa chombo, marufuku.

Wateja walimpenda kupita kiasi. Mpaka namba ya simu kwenye kadi zetu ikawa ya Mjomba. Kikundini nilicheka na wenzangu, lakini nikifika nyumbani roho iliniuma.

Halafu ikaja kazi ya hosteli. Mabafu arobaini, matengenezo ya mwaka mzima. Ningeipata hiyo, basi ningeachana na kukimbizana na masinki ya watu, leo huku, kesho kule. Meneja alitaka kwanza tumrekebishie bafu moja, aone kazi yetu. Bomba la mvua lilikuwa likidondosha maji kwa uchoyo. Kwa dakika tano nikajua: chujio limeziba kwa kutu.

Meneja hakuniuliza. Alimwinamia Mjomba kitini. "Fundi, tatizo nini?"

Nadhani Mjomba alikuwa amezichoka zile sentensi tatu. Mtu aliyekaa na vitabu miaka thelathini ana maneno mengi tumboni. Akainuka, akagonga ukuta mara mbili, akatega sikio.

"Tatizo limo humu ndani," akasema. "Pavunjwe hapa."

Nyuma ya pale ndipo lilipopita bomba kuu.

"Meneja, hapo msivunje," nikasema. "Kuna bomba kuu."

"Dada, mwache fundi afanye kazi yake."

"Huyu si fundi. Ni mjomba wangu. Alikuwa mtu wa maktaba."

Meneja akamtazama Mjomba, kama anayetaka kujua huyu dada ana nini. Mjomba jasho lilimtoka, na kwa woga akasema sentensi ya kwanza iliyomjia.

"Endelea hapo."

Meneja akachomoa nyundo kwenye mkoba wangu mwenyewe, akapiga. Pigo la tatu, maji yakamkita kifuani yakamkalisha sakafuni. Mimi nilishatimua mbio. Koki kuu niliiona tangu tunaingia, kando ya mlango wa nyuma, kwa sababu fundi akiingia jengo la watu hutafuta koki. Anayetafuta kiti ni Mjomba.

Nilipoifunga na kurudi, meneja alikuwa anajikamua shati. Sharubu za Mjomba zilikuwa zimelala.

"Sasa fundi, tufanyeje?" meneja akauliza. Alimuuliza Mjomba. Nilitamani kumrushia spana.

Mjomba akavua kofia, akaiweka juu ya kiti. Hakuweza kunitazama usoni.

"Muulize fundi," akasema, akaninyooshea mkono. "Mimi nilikuwa napanga vitabu."

Nikaunga bomba, nikasafisha chujio, maji yakatoka kwa nguvu. Meneja alisema tutawasiliana, na sote tunajua maana yake.

Jumamosi niliwasimulia wenzangu, Mjomba akiwa papo hapo kitini. Fundi magari alisema Mjomba aachishwe. Fundi umeme akasema aachishwe, lakini baada ya Jumatatu. Mwenyekiti alichukua kalamu, akazikata sentensi zote tatu, akaandika moja: "Muulize fundi."

Wino haujakauka, simu ikalia mfukoni mwa Mjomba. Akaibonyeza vibaya kama kawaida yake, sauti ya meneja ikasikika karakana nzima.

"Mzee, habari. Ni ile kazi ya mabafu arobaini. Fundi yupo?"

Mjomba hata hakutazama ukutani.

"Yupo," akasema. "Ananawa mikono. Subiri kidogo."

Mikono yangu ilikuwa mikavu. Nilikuwa nafuta macho, na mwenyekiti akaniambia nifute haraka kabla mteja hajakata simu.