Yai Lisilokaa kwa Fundi

Asubuhi ile mume ndiye aliyemfunga mkewe vifungo vya blauzi, kuanzia cha chini kupanda juu, na jambo lenyewe lilikuwa la aibu kidogo kwa wote wawili. Mke alikuwa fundi wa nguo, na sifa yake ilitokana na matundu ya vifungo. Aliyashona kwa mkono, uzi juu ya uzi, na wateja waliyapita maduka yenye mashine mpya wakaja kwake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mawifi zake. Sasa vidole vyake viliamka vimevimba, havikunji wala havikunjuki mpaka jua lipande, na mgongo nao uligoma kama mlango uliovimba kwa mvua.

Daktari wa viungo alisema ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unajishambulia wenyewe. Alimwandikia dawa. Kisha akaongeza kwamba baadhi ya wagonjwa wake walipunguza wanga wakaona nafuu, na wengine hawakuona kitu. Kujaribu hakudhuru, mradi dawa asiziache. Basi wali, mkate, viazi, mihogo na tambi avipe mgongo, ale mayai, samaki, nyama na mboga za majani. Kama vidole havitatulia, alisema kwa upole, itabidi aanze kuifikiria kazi nyingine. Fundi alikuwa ameshika sindano kabla hajajua kusoma, na bila sindano hakujua angejitambulishaje kwa watu.

Mumewe alizipokea habari hizo vizuri, ukizingatia kwamba alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga. Jioni hiyo alisimama nje ya mlango akijikung'uta muda mrefu kuliko kawaida, suruali, shati, nywele, mpaka nyusi, ili asiingize wanga ndani ya nyumba. Fundi alimwambia kupitia dirishani kwamba amekatazwa kuula, hakukatazwa kuukanyaga. Mume alikubali, na akaendelea kujikung'uta. Alikuwa mume wa namna hiyo, na Fundi alimpenda kwa hilo na kwa mengine mengi.

Kesho yake mchana Fundi aliandaa meza: wali wa mumewe, mboga za majani za wote, na yai la kuchemsha kwa kila mtu. Alipoinama kuvuta kiti, yai lake liliondoka. Lilibingirika hadi ukingoni mwa sahani, likapanda, likashuka upande wa pili, likakata meza bila haraka na kuingia kwenye sahani ya mumewe, likatulia kando ya mwenzake.

"Yai lako hili," mume alisema, akalirudisha.

Likaenda tena. Alilirudisha mara kadhaa, kwa adabu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani kwao. Mwishowe chakula kilikuwa kinapoa, na Fundi akala mboga tu. Mboga hazikuhama. Mumewe hakuwahi kuzipenda.

Jioni kipande cha samaki kiliteleza kwa ubavu na kuacha mchirizi wa mchuzi kwenye kitambaa cha meza. Siku iliyofuata walilifunika yai kwa bakuli zito. Walipofunua halikuwamo, lilikuwa kwa mume, tena limeshajimenya. Walilikatakata, na vipande vikaenda kimoja kimoja. Walilifunga kwa uzi wa matundu ya vifungo, ambao haukatiki ovyo, na yai likaiburuta sahani nzima. Mume alihamia kizingitini na sahani yake mapajani. Yai lilishuka mguu wa meza, likavuka chumba, likamfuata. Alipojaribu kushinda kazini mchana kutwa, mayai yalimkuta kwenye mashine, yamejaa unga, na mwenye mashine akamwomba ayaweke mahali ambapo watu hawatayakanyaga.

Fundi naye alikuwa na njaa. Mboga hazimkalishi mtu kwenye cherehani, na wali ulikuwepo mbele yake, mtulivu, hauendi kokote. Alijikaza siku kadhaa, kisha akala wali. Vidole vikakaza zaidi. Mteja alikuja kuchukua koti lake akalikuta lina matundu matatu badala ya matano, akasema haidhuru, angelivaa bila kulifunga. Fundi alipobaki peke yake alilia kidogo, halafu akafuta macho kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole vilikuwa vinauma.

Binti yao alikuwa na chumba chake mtaa wa pili na aliuza kwenye duka la dawa. Mdomo wake haukuwa na breki. Alikuja siku ya mapumziko, akakaa nao mezani akala yai lake bila shida, maana alikuwa kipenzi cha baba tangu utotoni na chakula kilimheshimu. Akalitazama la mama yake likisafiri.

"Baba, hilo yai si jinga," alisema. "Linakwenda lilikozoeshwa."

Baba mtu alijitetea kwamba yeye hajaliita. Binti akamjibu kwamba hajawahi kuhitaji kuliita. Aliendelea hivyo mpaka chai, akazungumzia haki, lishe na wanaume kwa jumla, akabeba mboga zilizobaki, akaondoka. Mume aliyatazama mayai mawili kwenye sahani yake.

"Lakini wewe si hupendi mayai," alisema taratibu.

"Nayapenda," Fundi alijibu.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kiini hasa."

Mume alifikiri. Alikumbuka wiki yao ya kwanza ya ndoa, yai moja ndani ya nyumba, na bibi harusi akimsogezea huku akisema hata harufu yake haipendi. Fundi alikumbuka pia. Hakuna aliyemlazimisha. Mama yake alisema hivyo hivyo kuhusu nyama, kwa sauti ile ile, na Fundi alidhani ndivyo mtu anavyomwambia mumewe kwamba anampenda. Na kweli alikuwa anampenda, kwa hiyo maneno yalitoka kwa urahisi, na baadaye hakukuwa na siku nzuri ya kuyafuta.

"Na samaki?"

"Na samaki."

"Mimi nilijua nimeoa mtu wa wali," mume alisema. Alilichukua yai moja, akaona linatulia mkononi mwake, kwa kuwa lilikuwa limeshafika lilikokuwa likienda. Basi hakuliweka popote. Alizunguka meza, akaketi karibu na mkewe, akamlisha. Yai lilitetemeka kidogo lilipofika mdomoni, kisha likaliwa kama mayai mengine. Fundi alitafuna akiwa amefumba macho. Kiini kilikuwa kikavu, kimechemshwa kupita kiasi, na hakuwahi kula kitu kitamu namna ile.

Tangu hapo wakala hivyo. Mume alirudi kutoka kazini kila mchana, akajikung'uta, akanawa, akamlisha mkewe mayai na samaki kwa mkono. Wateja waliopita dirishani waliona. Habari zikaenea, na wanawake wakasema mwanamume kama yule haokotwi barabarani. Mafuta ya kupikia, moto, kuni za akiba na kuamka mapema kununua samaki vilikuwa vya Fundi; sifa zilikwenda kwa mumewe, nazo zilifika bila kupotea njia. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye mikono yake anahitaji kulishwa. Fundi aliudhika kidogo, halafu akaachana nalo, kwa sababu kulishwa kulikuwa kutamu.

Baada ya miezi vidole vilianza kulegea asubuhi. Daktari alisema pengine ni dawa, pengine ni chakula, pengine vyote, na kwamba yeye asingethubutu kugusa kinachofanya kazi. Fundi alishona koti zima, matundu yote, akalitazama upande wa ndani kwanza, kama ilivyo desturi yake, ndipo akatabasamu. Asubuhi alianza kujifunga blauzi mwenyewe. Mumewe alisimama kando, mikono haina kazi, mpaka akaonekana mnyonge. Basi Fundi akawa anakiacha kifungo cha juu kwa ajili yake.

Mwaka haujaisha binti akaolewa. Alimpata mpiga rangi wa majengo, kijana mpole, anayeosha vyombo bila kuambiwa na kumwamkia mama mkwe kwa mikono miwili. Fundi alimshonea koti la harusi na hakuona kasoro kwa mtu wala kwa koti.

Walipokuja kula mchana kwa mara ya kwanza kama mke na mume, Fundi alipika samaki, akagawa vipande sawasawa. Mumewe alikaa ubavuni mwake kama kawaida. Alikuwa akimweleza mkwe jinsi mawe ya mashine yanavyochongwa upya yakilika, na mkwe alisikiliza kwa makini. Binti alisifia chumba walichohamia, dirisha lake, majirani zake. Alipokuwa katikati ya habari za majirani, kipande chake cha samaki kilijigeuza kwa ubavu, kikavuka ukingo wa sahani na kuanza safari.

Fundi alikiona. Alifungua mdomo aseme, na mumewe, aliyeuona mdomo umefunguka, akatia humo tonge la samaki kwa upendo. Lilikuwa na miiba. Fundi alilazimika kutafuna polepole. Mpaka anameza, mkwe alikuwa ameshasogeza wali wake pembeni ili kipande kipate pa kukaa, bila kuacha kumtazama baba mkwe, na binti alikuwa anajiongezea wali.