Uso wa Twesigye Mkononi mwa Dada Yake

Jumamosi asubuhi Nolasco alimfunga Katusiime kitambaa shingoni, kama mteja wa kunyoa, kisha akawasha mashine ya kuchora tatuu. Saluni yake ya Kayanga ilikuwa na watu wawili wanaosubiri kukatwa ndevu. Katusiime alinyoosha mkono wa kushoto. Alitaka uso wa kaka yake, Twesigye, mzimamoto wa kampuni moja ya kukoboa kahawa, aliyefia ndani ya ghala lililoungua Nyaishozi.

"Nimvalishe barakoa ya moshi?" Nolasco aliuliza.

"Hawakumpa. Mwache hivyo hivyo."

Jioni uso ule ulianza kukohoa. Masizi yaliangukia ndizi alizokuwa akimenya. Katusiime akaziosha upya. Mama yao alileta kitambaa chenye maji, akaipangusa picha mdomo.

Jumatatu Katusiime alikwenda ofisini kwa Placidius, mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kampuni, ambaye msibani alitangaza kwamba Twesigye aliingia motoni amelewa.

"Siku hizi huna shikamoo?" Placidius alisema.

"Shikamoo ni ya watu."

"Kaka yako alikuwa mlevi. Toka."

Twesigye alifumbua macho mkononi. "Barakoa zetu ziko shambani kwako Kituntu," alisema. "Vibarua wako wanazivaa wakipulizia kahawa dawa."

Karani alisogeza kiti chake, masizi yasimfikie. "Hilo tunalijua," alisema, akaendelea kuchapa.

"Mfunike," Placidius alisema. "Ananichafulia meza."

"Simfuniki."

"Basi tokeni wote wawili."

Katusiime alipanda pikipiki hadi Kituntu, akamvua kibarua mmoja barakoa usoni. Walinzi walimpiga, wakamnyang'anya. Kituoni polisi walimtaka yeye ndiye aombe radhi. Alitema mate chini, wakamlaza mahabusu.

Alipotoka, wazimamoto wenzake Twesigye walikuja nyumbani. Waliinama wakausalimia mkono. Alikuwepo Novath, mlokole asiyeonja hata rubisi, pombe ya ndizi. Alimuuliza Twesigye kama moshi unauma.

"Mwanzoni," Twesigye alijibu. "Usiende tena motoni."

"Nisipokwenda, Placidius ananifukuza. Nina watoto."

"Basi nenda ukafe," Katusiime alisema, akampa kisogo.

Ghala la Chonyonyo lilishika moto siku ya soko. Katusiime alikuwa akipanga maharage wakati gari la zimamoto lilipopita likipiga king'ora. Aliona ngozi yake ikivutika. Twesigye alikuwa anapanda polepole kuelekea begani, akiacha nafasi tupu chini yake.

"Unakwenda wapi?" Katusiime aliuliza.

"Nampisha Novath."

Simu ilipoingia kutoka Chonyonyo, Placidius alimwita karani.

"Andika kwamba alikuwa amelewa."

"Huyu ni mlokole, mkuu."

"Andika."

Karani akaandika.