Betri Chini ya Makochi

Fundi makochi na shemeji yake walikuwa hawasemeshani tangu mwezi uliopita, na bado kila siku walifanya kazi pamoja: fundi alishona, shemeji aliendesha gari. Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Mteja mmoja alimuuliza shemeji kama kochi fulani ni zuri, naye akajibu, "Zuri sana, kwa mtu asiye na haraka ya kuinuka." Mteja akaenda kununua kwingine. Fundi akanuna, na shemeji naye akanuna kwa kununiwa.

Aliyeumia ni mke wa fundi, dada yake huyo dereva, kwa sababu maneno yote yalipitia kwake. Asubuhi moja walikuwa wamebanana mbele kwenye gari lao kuukuu la mizigo, yeye katikati, wakipeleka makochi kwa daktari wa meno. Walisimama kidogo waulize njia, na gari halikuwaka tena. Dereva akazungusha ufunguo. Ka. Akazungusha tena. Ka. Akaupiga usukani ngumi kwa hasira, na hata honi haikuguna.

"Mwambie kaka yako nilishasema hii betri imechoka," fundi alisema, akitazama nje.

"Mwulize mumeo alimwambia nani, na sisi hatuongei."

"Mmesikiana," mke alisema. "Nipisheni nikanunue nyingine."

Akamruka mumewe mapajani, akashuka, akasimamisha pikipiki, akaenda zake.

Sasa, aliyetengeneza gari lile aliificha betri kwenye kishimo chini ya sakafu ya nyuma. Juu ya kifuniko chake kulikuwa na kochi la watu watatu, na juu ya kochi, viti viwili vimelala miguu hewani. Ilibidi vyote vishuke.

"Mtu akiwa tayari, ainue," fundi aliliambia kochi.

"Mtu yuko tayari zamani," shemeji akaujibu mlango.

Wakavipanga kando ya barabara. Mzee mmoja mpita njia, mwenye gazeti kwapani, akaona kiti, akaketi apumzike. Alipotaka kuondoka akajaribu kuinuka mara ya kwanza, akashindwa. Mara ya pili akazama zaidi. Shemeji akamfuata, akamshika mikono yote miwili, akamvuta mpaka akasimama. Fundi aliona yote, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Fundi akafungua kifuniko. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. "Kama kuna mtu ana spana namba kumi," akasema ndani ya kishimo. Spana ikaja ikiteleza sakafuni.

Mke alirudi amepakata betri mpya kama mtoto mchanga. Akawakabidhi, akajitupa kwenye kochi kando ya barabara, akanyoosha miguu. "Mimi leo nimefunga ofisi," alisema. "Mwenye neno alipeleke mwenyewe."

Wakatoa betri ya zamani, wakaweka mpya. Fundi akakaza waya wa chanya, kisha wa hasi. Hapo honi ikalia, na haikunyamaza. Ile ngumi ya dereva ilikuwa imekididimiza kitufe cha honi ndani ya usukani. Madirisha ya ghorofani yakafunguka. Mbwa wakajibu.

"Shemeji, chomoa waya!" dereva alipiga kelele, akikimbilia usukani.

"Nati imeshika, shemeji! Toa hicho kitufe!"

"Nikitoe na nini?"

Fundi akachomoa sindano yake ndefu ya kushonea makochi, akapanda mbele, akaanza kuchokonoa. Shemeji alikuwa ameukumbatia usukani.

"Kushoto kidogo. Hapo. Hicho ni kidole changu, shemeji."

Kitufe kikaruka. Kimya kikashuka, na vichwa viwili vilikuwa vimegusana juu ya usukani.

"Nimekuchoma?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kidogo tu."

"Vile viti kweli ni vya chini."

"Lakini ni laini. Yule mzee alikuwa karibu kulala."

Fundi akaanza kucheka, mwenzake akamfuata, na tangu hapo hawakunyamaza. Walikuwa na maneno ya mwezi mzima. Wakapakia viti viwili huku wakiongea, wakawasha gari likaitika mara moja, wakaondoka huku wakiongea. Walikuwa wamefika mbali fundi alipogeukia katikati amwulize mkewe jina la mtaa wa daktari, akakuta nafasi tupu.

Walimkuta palepale, juu ya kochi la watu watatu walilolisahau, betri ya zamani miguuni.

"Mke wangu," fundi alianza.

"Mmemaliza kuongea?"

"Bado," kaka yake alikiri.

"Basi pakieni hili kochi, mkaongelee nyuma."

Akachukua ufunguo, akaketi mwenyewe kwenye usukani. Njia nzima aliwasikia huko nyuma wakibishana miguu ya kochi irefushwe kwa kiasi gani, kila mmoja akimwambia mwenzake moja kwa moja kwamba hajui kitu.