Mti wa Tatu

"Kitu nilichokifunga mimi hakianguki," nilimwambia Papa Cyprien asubuhi ile, nimeegemea pikipiki yangu kama askari aliyeegemea kizuizi. "Uliza Kamituga. Nilipeleka kule kabati, mbuzi watatu wazima, na kitanda cha harusi pamoja na godoro lake. Matope njia yote. Hata msumari mmoja haukudondoka."

Yeye alikuwa amepiga goti chini ya mkaratusi, anauzungusha mkanda mpana kwenye shina, anaupapasa kwa kidole gumba kuona kama umejikunja. Ndivyo alivyokuwa. Ukimrushia maneno kumi, anakurudishia moja, tena baada ya kulipangusa vumbi.

"Mbuzi akianguka, unakula," alisema mwishowe. "Mutu je?"

Hema tulilokuwa tunalitundika halikuwa la kukaa chini. Lilikuwa na pembe tatu, sakafu ya kitambaa kigumu, chandarua juu yake na turubai juu ya chandarua. Kila pembe ilivutwa kwa mkanda hadi kwenye mti wake, ili mtu alale katikati ya miti mitatu, hewani, kimo cha kiuno. Tonton Hervé, shemeji wa Madame Christine, ndiye aliyelileta kutoka Ubelgiji. Madame Christine alikuwa na kilima chake juu ya ziwa, upande wa Kabare. Watu wa Bukavu siku hizi hawaendi mbali, alisema, basi waje hapa kupumua. Wageni wa kwanza wangekuja siku hiyo hiyo, Jumamosi. Wakilala vizuri, Papa Cyprien angekuwa mlinzi wa kilima, na nyumba ya matofali pale mlangoni pa kuingilia ingekuwa yake ya kukaa. Tangu mvua ilipoiporomosha nyumba yake kule Kadutu, alikuwa analala kwenye sebule ya dada yake, hapo bondeni, miguu ikigusa mlango.

Kazi ya kulifunga hema hakuipata kwa sura. Miaka ishirini, kwao Nindja, mahali gari halifiki, alibeba kipoyi: miti miwili, blanketi katikati, mgonjwa ndani, watu wanne mabegani, siku nzima ya vilima hadi hospitali. Wanawake ambao mtoto amekataa kutoka. Wazee waliovunjika nyonga. Wengine walifika hai, wengine hawakufika, lakini mfungaji wa kamba alikuwa yeye. "Sijaangusha mutu," alisema siku moja, na sikuwahi kumsikia akijisifu kwa lingine.

Saa tano Madame Christine akaja, akalizunguka hema lililokwisha kusimama barabara.

"Papa Cyprien! Mugeni anafungua macho asubuhi, anaona nini? Matako ya ng'ombe ya jirani!"

"Miti ya hapa iko karibu-karibu, Madame. Ndiyo ilinifaa."

"Muhamishe kule, baone ziwa. Mi nashuka ku barabara, motokari yao iko karibu kufika."

Tukahamisha. Miti miwili ya kule ilikuwa mizuri. Wa tatu ulikuwa mbali. Papa Cyprien alipima kwa hatua, akarudi, akapima tena.

"Mukanda haufike."

"Tuunge, Papa."

"Na nini?" Alijipangusa jasho. "Nashuka kwa dada, nilete kamba yangu ya katani, ile ya kipoyi. Weye usiguse mupaka nirudi."

Usiguse! Mimi, niliyemaliza sekondari, niliyevuka madaraja yote mabovu ya Mwenga, niambiwe usiguse kama mtoto mbele ya sufuria. Alipotokomea tu migombani, niliifuata pikipiki yangu, nikafungua mpira kwenye kibebeo.

Sisi watu wa pikipiki, ule mpira mweusi wa tairi la ndani, uliokatwa vipande virefu, ndio baba na mama yetu. Nilisokota vipande vitatu, nikaunga kwenye mkanda, nikavuta hadi mishipa ya shingo ikanitoka. Hema likapanda, likakazika kama ngoma. Pale kwenye kiungo nikafunika na mfuko wa hema, ili picha za wageni zisiharibike. Maman Eulalie, mpishi, alikuwa anakoroga maharagi hatua kumi kutoka hapo. Aliinua kichwa, akanitazama. Nikampigia saluti.

Papa Cyprien alirudi anatweta, kamba begani imekunjwa duara.

"Nani alifunga?"

"Mukanda ulifika, Papa. Nilivuta tu kidogo."

"Ulifika?"

Alianza kuufuata mti wa tatu. Hatua moja, ya pili. Na hapo sauti ya Madame Christine ikapanda kutoka chini: "Papa Cyprien! Mizigo ya bageni!" Akageuka. Aliporudi na sanduku kichwani, Tonton Hervé, aliyekuja na wageni, alikuwa amekwisha kuingia hemani, viatu chini, tumbo juu, anawahutubia wageni.

"Mu hii tente nililala mvua, nililala baridi! Bandugu zangu, hapa ni Ulaya kabisa!"

Sasa nisikilizeni, maana hili sikulijua hadi siku ile. Kwenye pikipiki, mzigo unakaa juu ya chuma. Mpira unaukumbatia tu. Pale kwenye mkaratusi, mpira ndio uliobeba. Na mpira una adabu mbaya: haukatai. Unakubali, unakubali, unakubali, kisha unakutupa. Tonton Hervé alikuwa anashuka kidole kwa kidole huku anaendelea kusifu, na wageni walidhani hema limetengenezwa hivyo. Halafu, paa! Pembe ya tatu ikadondoka. Mwanamume mzima akabiringika hadi kwenye kuni za Maman Eulalie, mguu mmoja umejikunja chini yake.

Kipande cha mpira kiliruka, kikanichapa kwenye muundi kama mbwa anayemtambua bwana wake. Nikakiokota. Nikakitia mfukoni mwa jaketi, haraka, kabla vumbi halijatulia.

"Nani alifunga hii kitu?" Madame Christine alikuja mbio. "Nauliza! Nani?"

Ulimi wangu, ambao haujawahi kupumzika tangu ubatizo, ukapata likizo. Watu wote wakamtazama mwenye kamba begani.

"Si mimi," alisema Papa Cyprien. Akaitupa kamba miguuni pa Madame Christine. "Ona. Kamba yangu njo hii. Haijafunga kitu. Nilishuka kuileta. Gentil alibaki."

"Gentil?"

Papa Cyprien aliniangalia. Macho yake hayakuniomba. Yalinisubiri tu, kama mtu anayesubiri mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo.

"Papa alifunga kwanza, akashuka," nikasema. "Mi nililinda tu."

"Muzee ya bure!" Tonton Hervé alifoka toka kwenye kuni. "Kamba bamekupa, miti bamekupa, na unataka kuniua!"

"Ile nyumba ya mulangoni, sahau," akasema Madame Christine. "Mutu anayeangusha batu, nitamuachia kilima?"

Papa Cyprien alisogea karibu naye. Sijawahi kumwona mtu akikasirika kimya namna ile. Midomo ilikuwa imemkauka, na mshipa wa kipajini ulipiga kama moyo uliopotea njia.

"Nyumba, kamata," alisema. "Lakini usiseme niliangusha mutu. Iyo neno, rudisha."

"Sirudishe kitu!"

"Rudisha, Madame."

Hakurudisha. Na mimi nikamkasirikia. Ndiyo, yeye! Mtu uliyemkosea ndiye anayekuudhi kuliko wote. Nilikasirikia kamba yake, magoti yake yenye udongo, na jinsi alivyoacha kunitazama, kana kwamba mahali niliposimama pamebaki nyasi tu.

Mguu wa Tonton Hervé ulikuwa unavimba mbele yetu. Kutoka pale hadi barabarani ni mteremko mkali wa ngazi za udongo, unateleza. Pikipiki yangu ilipanda asubuhi kwa kusukumwa, tena bila mtu juu. Wageni walipiga simu kutafuta msaada, wakapiga tena. Papa Cyprien alichukua panga. Alikata miti miwili michanga, na kila pigo lilikuwa na jina la mtu. Akalitandaza hema lile lile kati ya miti, akaipitisha kamba ya katani, akakaza kwa goti, akapapasa kila fundo kwa kidole gumba.

"Mi sipande iyo," alisema Tonton Hervé.

"Panda."

Akapanda.

Kipoyi ni kazi ya watu wanne. Tulikuwa wawili, kwa sababu wageni wote walikuwa na viatu vyeupe. "Weye, nyuma," aliniambia bila kugeuka. Yeye akaingia mbele kati ya miti, mimi nyuma, tukainuka. Uzito ulinishuka begani hadi kisigino. Mbele yangu niliona mgongo wake tu, shati limeshikamana na jasho, na hatua zake zinatafuta udongo mgumu, moja, moja. Mara mbili niliteleza. Mara mbili kipoyi hakikutikisika, maana kila nilipoteleza yeye alikwisha kusimama, kama ana macho kisogoni. Tonton Hervé alikuwa ameacha kufoka. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili na anaitazama.

Nyuma yetu Maman Eulalie alibeba viatu vya Tonton Hervé.

Tulifika barabarani. Madame Christine akafungua mlango wa gari. "Teremuzeni."

"Apana, ngojeni kwanza," alisema Maman Eulalie. Aliviweka viatu chini, kimoja kando ya kingine, taratibu. Akaja ubavuni kwangu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika miti.

"Gentil, mwana wa mama yako," alisema, "mufuko yako inatoa ulimi."

Nilitazama chini. Ncha nyeusi ilikuwa imechungulia kwenye jaketi. Akaishika kwa vidole viwili vyenye majivu, akavuta. Kipande kilikuwa kimejifunga kwenye zipu ndani. Hakikutoka, kilirefuka tu. Akarudi nyuma hatua moja, akavuta. Hatua ya pili. Kikarefuka kati yake na mimi, cheusi, chembamba, mbele ya Madame Christine, mbele ya wageni wote.

Papa Cyprien aligeuza shingo. Alikiangalia kile kipande cha mpira toka ncha hadi mfukoni. Kisha akarudisha macho mbele, akauweka sawa mti wa bega la kulia, na kati yetu Tonton Hervé alining'inia bila kutikisika.