Tani Kumi za Kushikia Nafasi

Saa tisa kasorobo mchana Bi Ramani aliinua kikombe chake cha chai iliyopoa, na chini yake akaona stakabadhi sita za mizani. Hata kabla ya kuzisoma alijua ni za nini, na alijua zilitakiwa ziwe zimeingizwa kwenye kompyuta tangu asubuhi.

Kazi yake ilikuwa kupanga shehena: kontena lipi likae wapi melini, mazito chini, mepesi juu, na ya kuteremshwa mwanzo yasizibiwe njia na ya mwisho. Jina la Bi Ramani alipewa na watu wa bandarini kwa kuwa haonekani bila mchoro wa meli kwapani. Sasa ofisini kwao kulikuwa na mazoea ambayo hayakuandikwa popote. Kontena likichelewa, uzito wake bado haujulikani, na kompyuta haikubali kitu kisicho na uzito. Basi mpangaji huliandikia tani kumi, za kushikia nafasi tu, na karatasi ya mizani ikifika anafuta na kuandika za kweli. Kila mtu alifanya hivyo na kila mtu alikumbuka kufuta. Leo yeye alisahau, na makontena yenyewe sita yalikuwa yameshapandishwa juu ya sitaha, safu ya tano, upande wa tezi, nyuma ya meli.

Alizisoma moja moja, akiomba angalau moja imhurumie. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Ishirini na sita. Yote yalijaa vigae vya sakafu.

Hapo akakumbuka simu ya saa sita. Mdogo wake wa kiume ndiye serahangi wa meli hiyohiyo, mkubwa wa mabaharia wa sitaha, na tangu utoto hakosi la kusema.

“Dada, meli yako leo ina uvivu,” alimwambia. “Kreni ikiweka mzigo upande mmoja, meli inalala, halafu inajivuta kurudi kama mtu aliyevimbiwa.”

“Aliyevimbiwa ni wewe. Niache nifanye kazi.”

Akamcheka na kukata simu.

Aliingiza uzito wa kweli kwenye kompyuta. Kioo kikawa chekundu. Tani kama mia za ziada zilikuwa zimekaa mahali pasipostahili, juu kabisa. Bandarini penye maji tulivu hilo lingeonekana uvivu tu. Huko nje, wimbi likiipiga ubavuni, meli ingelala na kuchelewa kuinuka, na ikilala mara ya pili kabla haijainuka, basi tena.

Meli ilikuwa ifungue kamba saa kumi kamili. Ikikosa maji kujaa ya saa hiyo, ni mpaka kesho. Na kwenye mtoto wa meza yake kulikuwa na barua ya mwezi uliopita kutoka kwa mkuu wa kitengo, mistari mitatu tu: meli nyingine ikichelewa kwa mkono wake, ajitafutie kazi kwingine.

Tusimsafishe. Kwa dakika mbili nzima Bi Ramani alifikiria kunyamaza. Hali ya hewa ni nzuri, alijiambia. Meli imewahi kubeba mabaya zaidi. Karatasi sita zinaenea kwenye kiganja kimoja, na pipa la taka liko miguuni. Alikuwa ameshazikunja pale simu yake ilipoita, na jina lililotokea lilikuwa la mama yao.

Mama alipiga kila siku ya safari, na swali lake halikubadilika: “Umempanga vizuri mdogo wako?” Utadhani mwanawe naye ni kontena. Bi Ramani humjibu siku zote, “Nimemweka kwenye mepesi, mama, yule hana uzito,” na wote wawili hucheka. Leo aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza.

Akazikunjua karatasi. Alimpigia mkuu wa kitengo mara mbili, hakupokea. Bi Ramani akashika redio na kumwita ofisa wa meli anayesimamia shehena.

“Ofisa, msifungue kamba.”

“Nani? Rubani wa bandari ameshapanda.”

“Mpanga shehena. Yale sita ya juu, tezi, si tani kumi. Ni ishirini na sita kila moja, na zaidi.”

“Mchoro nilionao una saini yako.”

“Saini ni yangu na kosa ni langu. Yateremsheni, la sivyo msitoke.”

Redio ilikwaruza. “Nilikuwa najiuliza mbona inarudi polepole hivi,” ofisa alisema kwa sauti ya chini, kisha akasikika akiamuru kamba zishikwe.

Saa kumi na robo mkuu aliingia. Hakugomba, na hilo lilimtisha zaidi. Alinyoosha mkono tu.

“Kadi ya kompyuta. Na usije mpaka uitwe.”

“Sawa, mkuu.”

“Ungeanza kwangu.”

“Nilipiga mara mbili.”

Mkuu akaitia kadi mfukoni na kutoka.

Bi Ramani alikuwa anakusanya vitu vyake mdogo wake alipopiga. “Dada, kuna mjinga katukwamisha hapa mpaka kesho. Nikimpata namfunga kwa minyororo safu ya tano.”

“Ni mimi.”

Akamweleza yote, pamoja na simu ya saa sita.

“Nilikuambia,” mdogo wake alisema.

“Uliniambia. Nikakucheka.”

“Kontena la nne linashuka sasa hivi.” Sauti yake haikuwa ya utani tena. “Imeanza kuamka, dada. Naisikia miguuni.”

Alipokata, machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akampigia mama yake. Mama hakungoja hata salamu.

“Mbona hupokei? Umempanga vizuri mdogo wako?”

“Nilikuwa nimempanga vibaya, mama,” alisema. “Nimempanga upya.”

“Haya,” mama akasema. “Na wewe, umekula?”