Mwanga wa Uso wa Waridi

Bibi Swaumu alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho, kwa subira yake ileile. Mboni alikuwa akisoma fizikia chuo kikuu. Siku hiyo alikuwa ameketi juu ya majora ya vitambaa dukani kwao Kariakoo, akieleza kwamba mwanga ukishatoka usoni pa mtu husafiri angani moja kwa moja, wala hakuna kitu kinachoweza kuukimbiza kikaupata.

"Hata wa mama yako?"

Waridi, mama yake Mboni, alifariki binti yake angali ananyonya, na picha zote ziliharibiwa na mafuriko. Mboni hakuijua sura yake. Na bibi naye siku hizi sura ya mwanawe ilikuwa ikimponyoka. Kilianza kidevu, sasa macho.

"Hata wa mama, bibi. Mtu kama angeweza kuupita, angetangulia mbele, akageuka, akamwona mama anakuja. Lakini haiwezekani."

"Nani kakataza?"

"Maumbile."

"Basi tusiukimbize. Tuseme lipo jora refu, toka hapa mpaka huko ulikofika mwanga wake. Mimi navuta huku, ncha ya kule inacheza papo hapo. Si kitambaa kimoja?"

"Mke mwenzangu, leo umeamka nayo!" Mboni alicheka. "Haya, tujaribu."

Walikunjua jora toka kaunta hadi ngazi za jirani, wapita njia wakiuliza kama ni harusi au msiba. Mboni akashika ncha ya kule, bibi akavuta ya kwake. Mkunjo ukatambaa kitambaani kama mtu mwenye goti bovu, ndipo vidole vya Mboni vikatikisika. Bibi aliujua mkunjo ule miaka yote ya biashara. Leo tu alitamani usiwepo.

"Kumbe hata mvuto unatembea."

"Unatembea, bibi. Tena mwanga unauacha mbali."

Bibi akalikunja jora. Kisha akasema, "Toka nje, simama pale mlangoni alipopenda kusimama mama yako. Vua miwani."

"Jua kali, bibi!"

"Inua uso. Na usinune, mama yako hakuwa mnunaji."

Mboni akautazama upande wa mbingu uliobaki kati ya maghorofa. Machozi yakamtoka, akalisingizia jua.

"Mwanga wangu hautaufikia wa mama, bibi. Mwendo ni mmoja."

"Nimesikia. Wafuatane tu."

Akavuta kigoda, akaketi kando ya mjukuu wake, naye akainua uso.