Nyuzi Tatu za Njano

Sare za polisi hufanana kama shilingi kwa ya pili, na fundi anayezishona akimpa mtu shati la mwenzake atatukanwa wiki nzima. Ndiyo maana Mama Pacha, fundi cherehani wa kituo kizima, alikuwa akitia alama ndani ya pindo la mkono: huyu uzi mmoja mwekundu, yule mbili za kijani. Nyuzi tatu za njano zilikuwa za sajenti waliyembandika jina la Mpole, kwa kejeli. Alama hizo alizijua fundi peke yake.

Jumatatu asubuhi walikuja wanne wenye sare, nyuso wamezifunga vitambaa, wakamkamata mumewe kwenye kibanda chake cha kushona viatu, mkabala na cherehani ya mkewe. Kosa halikutajwa. Mama Pacha alimng'ang'ania mmoja mkono, pindo likafunuka, akaziona: njano, tatu, mshono wake mwenyewe. Alisukumwa akaanguka, gari likaondoka.

Kituoni, askari wa zamu alipekua daftari. "Hayumo, mama. Hakuna mtu kama huyo aliyeletwa hapa."

"Afande, nimewaona kwa macho yangu! Walivaa sare!"

"Sare? Siku hizi hata majambazi wanazo."

Siku tatu wimbo ulikuwa huo huo. Pacha walipouliza baba yuko wapi, aliwaambia kasafiri.

Siku ya nne mkuu wa kituo alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamtilia chai kwa mkono wake. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na sauti ya baba mkwe.

"Mwanangu, nisaidie nikusaidie. Unajuaje kuwa ni watu wangu? Sema, usiogope."

Na Mama Pacha, Mungu amsamehe, akamwaga yote: rangi, idadi, pindo. Kesi ya ngedere kaipeleka kwa nyani, tena kwa miguu yake mwenyewe! Mkuu aliandika, akatikisa kichwa kwa huzuni, akamsindikiza mpaka mlangoni. Siku hiyo alirudi nyumbani na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza.

Kesho yake mchana Mpole alishusha furushi mbele ya cherehani. Yalikuwa mashati ya kituo kizima.

"Mkuu anasema toa nyuzi zote. Sare ya serikali haitiwi urembo."

"Na mume wangu?"

Mpole alikitazama kibanda cha viatu upande wa pili, kilichofungwa kufuli. "Ukimaliza kazi, anaweza kuonekana. Usipomaliza, shemeji, mimi simo." Akavuta kigoda, akaketi.

Ni rahisi kusema wewe ungekataa. Wewe wako yuko nyumbani, anakoroma. Mfa maji haachi kutapatapa, na mwanamke huyu maji yalishamfika puani. Alishika mkasi mdogo, akaanza kufumua, pindo baada ya pindo. Akafika kwenye njano. Alifikiria kulificha shati lile chini ya vitambaa, lakini macho ya Mpole hayakubanduka. Akakata mmoja, wa pili, wa tatu. Mpole aliinama akaokota hata vipande, akavitia mfukoni.

Jioni alitenga sahani nne. Kila mlango wa jirani ulipolia, alisimama. Chakula kikapoa, pacha wakalala, ya nne ikabaki vile vile. Aliitenga tena kesho yake, na keshokutwa.

Wiki iliyofuata alikwenda mjini, kwenye ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya polisi. Aliyempokea alikuwa dada mmoja aliyesikiliza kweli, kalamu ikikimbia, asimkate kauli hata mara moja. Aliposikia habari ya nyuzi aliinua uso, macho yakamng'aa.

"Mama, huu ni ushahidi! Kwa huyo mmoja, wote wanne tutawapata. Nikiagiza mashati yaletwe hapa leo hii, alama tutazikuta?"

Mama Pacha alitikisa kichwa. "Zimetolewa."

"Wamethubutu! Nani kazitoa? Nitajie tu, naandika."

Mama Pacha aliitazama mikono yake juu ya meza, vidole vimejaa makovu ya sindano.

"Mimi," alisema.

Dada akaweka kalamu chini.